Sok-kheng na Buli la Baba Mkwe

Sok-kheng aliletwa uchochoroni kwetu kama bi harusi mwaka ule mto ulipopanda hadi kwenye ngazi za lango la mashariki la mji. Alikuja nyuma ya baiskeli ya mumewe, sanduku la nguo mapajani, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Baba yake alikuwa mfuga bata huko chini ya mto. Sok-kheng mwenyewe alikuwa mwembamba na hana maneno, na watu wakasema huyu hatadumu katika nyumba ya akina Khou. Mimi nikangoja. Mlango wangu unatazamana na mlango wao, nilijua nitaona mwenyewe.

Mzee Khou, baba mkwe wake, alikuwa mpima dawa katika duka la mitishamba. Alikuwa na wana wawili. Mkubwa, Tik-bun, aliuza vyombo vya udongo na kauri, akafanikiwa, akahamia kwenye ghorofa jipya ng'ambo ya mto. Mdogo, Tik-hua, ndiye mume wa Sok-kheng. Aliendesha lori la mchanga, na ungeweza kukaa naye tangu uji wa asubuhi mpaka wa jioni usisikie zaidi ya "mm".

Na katika nyumba ile lilikuwepo buli. Dogo, la udongo mwekundu, likikaa kiganjani kama chungwa. Mzee alilinunua likiwa bichi, lina rangi ya tofali na harufu ya tanuri, wakati Sok-kheng anaingia nyumba ile. Kwetu buli bichi si buli bado. Linalelewa. Linanyweshwa chai ileile kila siku, chai ya mlima mmoja, mpaka udongo uishike, uwe na rangi ya kahawia ya njugu ya chestinati iliyochomwa na mng'ao unaotoka ndani, si wa juujuu. Mzee alikuwa akiwaambia wageni, "Hili nimelilea kama mtoto wa tatu. Na ndilo pekee lisilonijibu." Wageni walicheka kila mara, maana walikuwa wanakunywa chai yake.

Sisi wanawake wa uchochoroni tuliona mambo yalivyo. Mzee alimimina, akanywa, akavaa viatu akaenda dukani. Aliyebaki na buli ni mkwewe. Sok-kheng ndiye aliyemwaga machicha ya majani ya chai, akalisuuza kwa maji ya moto matupu, akalipitishia brashi likiwa bado linaunguza, akalipangusa kwa kitambaa cha pamba alichokikata kwenye nguo ya binti yake aliyoiacha kwa kukua. Kisha akaliacha wazi, kifuniko pembeni, lipumue mpaka kesho. Sabuni haikulikaribia. Mkono wenye mafuta haukulikaribia. Alikuwa akitarizi nyumbani, hariri za watu, na vidole vyake alivitunza kwa mambo mawili hayo, uzi na buli.

Ila kiti cha kumimina hakukikalia. Kile kinachotazama mlango, chenye seredani ya makaa mkono wa kulia na sinia la vikombe vitatu mbele yake. Katika nyumba ile kilikuwa kiti cha mwanamume.

Miaka ya mwisho mkono wa Mzee ulianza kutetemeka. "Mkwe, njoo umimine," alikuwa akisema mbele ya wageni, "leo mkono unaniuma." Leo hiyo ilichukua miaka. Sok-kheng alimimina akiwa amesimama ubavuni pake, ameinama, akizungusha buli juu ya vikombe mpaka tone la mwisho, halafu akarudi jikoni. Wageni walimsifu Mzee kwa chai.

Siku moja tulikuwa kisimani tunaosha mboga, nikamuuliza, "Wewe kwa nini hukai?"

"Sijaambiwa nikae."

"Na unataka?"

Akakung'uta maji kwenye majani ya haradali. "Dada, binti yangu alikuwa analia akiona njaa. Lile buli halilii. Lazima ukumbuke mwenyewe, kila siku."

"Sikukuuliza hayo."

"Nataka," akasema. "Mzee akiondoka nataka libaki kwangu. Na nikae."

"Mwambie basi."

"Kwanza wewe uniambie ulimwomba nini mama mkwe wako akakupa."

Nikarudi kwenye mboga zangu. Yule mama alikuwa hata chumvi anaipima.

Mzee Khou alifariki asubuhi, baada ya chai. Alikunywa kikombe kimoja, akakishika cha pili, akasema ataegemea kidogo. Sok-kheng alipotoka jikoni alimkuta ameegemea hivyohivyo. Buli lilikuwa bado lina joto.

Tik-bun alifika na teksi, analia tangu kona ya uchochoro. Alilia kweli, sikatai. Alipoliona buli mezani na machicha ndani akaweka mkono juu ya kifuniko. "Mtu asiguse," akasema. "Hii ni chai ya mwisho ya baba."

Baada ya mazishi, nguo nyeupe za msiba bado mwilini, alilifunga buli katika kitambaa cheupe alipeleke kwake, likae kwenye meza ya mababu mbele ya picha ya Mzee. Yeye ni mwana mkubwa, meza ya mababu ni yake, hakuna aliyeuliza. Sok-kheng alimfuata mpaka mlangoni.

"Kaka, mwaga machicha kwanza."

"Unasemaje?"

"Machicha. Yatoe, ulisuuze, uliache wazi. Halafu lichukue."

Tik-bun akageuka ili ukoo mzima umsikie. "Mnamsikia huyu? Baba hajapoa kaburini, anataka nimmwage!"

Watu wakamtazama Sok-kheng kama aliyetema mate kwenye ubani. Tik-hua alikuwa amesimama pale pale, mumewe, akitazama ncha za viatu vyake. Sok-kheng akarudi ndani. Siku zile hakutarizi, alikaa tu na kitambaa kile cha pamba mapajani, akikikunja na kukikunjua.

Lazima niseme kwamba kuna wengi kwetu wanaoamini kuwa machicha yakilala ndani ya buli yanalilisha. Wanaume hasa. Wanaona aibu kumwaga chai nzuri upesi, wanasema udongo bado unaonja. Mtu wa mbali angelisuuza bila kufikiri. Tik-bun alikuwa mtu wa kwetu, na juu ya hilo alikuwa mwana mwenye msiba, basi alilifunga kifuniko na akalitia kitambaa juu.

Ukaja msimu ule kuta zinapotoka jasho, nguo inanuka kabla hujaivaa. Ukapita. Tik-bun akafukiza udi kila mwezi mpya na kila mwezi mpevu mbele ya buli lile, hakulifungua.

Karibu na kutimiza mwaka, jioni, tulimwona anaingia uchochoroni kwa miguu, amebeba mfuko wa machungwa. Mimi nilikuwa kizingitini kwangu natoa nyuzi za maharage mabichi. Sok-kheng alikuwa kwake mlangoni na fremu ya kutarizia, anamalizia mwanga wa jua. Tik-hua alikuwa amechuchumaa kwenye ngazi anakula uji. Tik-bun akawasalimia, akatoa machungwa moja moja, akayapanga kwenye kigoda. Chini ya machungwa palikuwa na kitambaa cheupe.

"Shemeji," akasema, "buli linaumwa."

Sok-kheng hakusimamisha sindano. "Linaumwa nini?"

"Lifungue uone."

"Lifungue wewe."

Akalifungua. Harufu ilivuka uchochoro mpaka kwenye maharage yangu. Ndani kulikuwa kumeota manyoya, ya kijivu na ya kijani, kama mgongo wa panya mdogo.

"Juzi mke wangu alitaka kuliosha kwa sabuni ya vyombo," akasema. "Nikamshika mkono."

"Hapo ulifanya vizuri."

"Mwaka unatimia mwezi ujao. Ukoo wote unakuja kwangu. Watataka baba apewe chai kwa buli lake. Nitawaambia nini?"

"Waambie chai yake ya mwisho imo humo bado."

Tik-hua akapaliwa na uji. Tik-bun akawa mwekundu mpaka masikioni. "Umekaa mwaka mzima unaningojea na neno hilo."

"Sikukungoja. Umekuja mwenyewe, na machungwa."

Akameza hilo. Si jambo dogo, mtu mwenye duka na gari kumeza neno mbele ya jirani mwenye ungo wa maharage. Akasema, taratibu kidogo, "Unaweza kuliponya?"

"Naweza kujaribu. Mwaga machicha."

"Si umwage wewe? Wewe ndiye unayejua."

"Mimi?" Hapo ndipo alipoichomeka sindano kwenye kitambaa na kuinua uso. "Mimi niliambiwa mbele ya ukoo mzima nammwaga baba wa watu. Sitammwaga baba wa mtu. Mwaga wewe."

Tik-bun alisimama pale na buli mikononi. Mtoto wa nyumba ya tatu alipita na mpira, akaziba pua, akakimbia. Mwisho Tik-bun akaomba kijiko. Sok-kheng akampa kijiko cha supu. Tik-bun hakuyatupa machicha mferejini. Alipiga magoti kwenye chungu cha mchungwa mdogo kilicho kando ya mlango, akachimba, akayakwangua yote akayafukia, akashindilia udongo kwa kiganja. Alipoinuka suruali yake ilikuwa na matope magotini na hakuyapangusa.

Sok-kheng akalipokea buli. Akaligeuza juu chini, akaligonga taratibu kwa ukucha, akasikiliza. "Halijapasuka," akasema. "Lakini jambo moja, kaka. Halitoki mlango huu mpaka liive."

"Litaiva lini?"

"Likiiva."

"Kabla ya siku ya mwaka?"

"Unauza vyombo nchi nzima, hujui kama vinaiva kwa chai au kwa kalenda?"

"Tik-hua," akasema Tik-bun, "zungumza na mkeo."

"Mm," akasema Tik-hua, akaingia ndani na bakuli lake.

Ikawa hivyo. Aliliacha kwanza kwenye upepo, kivulini, siku kadhaa. Kisha akanunua sufuria ambayo haijawahi kuona mafuta, akatandika kitambaa chini, akaliweka buli na kifuniko chake mbalimbali, akajaza maji baridi, akawasha makaa kidogo. Buli na maji vinapata moto pamoja, polepole, na vinapoa pamoja. Ukiharakisha unasikia mlio mmoja tu wa kupasuka na kazi imeisha. Maji ya kwanza yalitoka na rangi ya kutu na harufu ya majani ya paa yaliyooza. Akamwaga, akaanza tena. Akarudia mpaka maji yakawa maji.

Lakini utando wa chai nao ulitoka. Ule wa ndani, uliojengeka miaka yote, ambao Mzee alikuwa akiutia maji matupu ya moto na maji yakatoka yananukia chai, akawaonyesha wageni. Ulibanduka magamba magamba. Nilivuka kumwazima ungo nikamkuta ameketi na magamba yale kiganjani.

"Hii ni miaka yangu, dada," akasema.

"Ni chai," nikamwambia. "Dukani ipo nyingine."

Akanitazama vibaya, halafu akacheka kwa pua, akayatupa.

Buli likabaki na rangi ya kiazi kilichosahauliwa kapuni. Akalichemsha katika chai nzito ya ule mlima wa Mzee, akaliacha lilale humo, akalitoa. Tangu siku hiyo akaanza kulinywesha asubuhi, mchana na jioni. Tik-hua alikunywa chai mpaka akawa hapati usingizi, akaonekana anafagia uchochoro kabla majogoo hawajawika. Mimi pia niliitwa. Sikukataa, ni chai nzuri.

Mimi na Sok-kheng tulikosana mara moja tu, kwa sababu ya samaki. Nilikuwa nakaanga samaki wa chumvi, mlango wazi, nikamsikia kutoka ng'ambo ya uchochoro.

"Dada! Funga mlango!"

"Kuna joto!"

"Buli liko wazi, litakunywa samaki wako!"

"Basi litakuwa buli la kwanza kula vizuri katika nyumba hiyo!"

Akaja mwenyewe akaufunga mlango wangu, kwa mkono wake, mimi nikiwa ndani. Nikaufungua. Akaufunga. Nikakaanga samaki wangu katika moshi, natokwa machozi, maana sikuwa tayari kumpa ushindi wa kuzima jiko. Hatukusemeshana mpaka soko lililofuata, na hata hapo alianza yeye.

Siku ya kutimiza mwaka ikafika. Kwa Tik-bun, ng'ambo ya mto, walikuwa wamepika bata bukini kwa mchuzi wa soya, wamepanga keki za mchele na matunda mbele ya picha. Wazee wa ukoo wameshakaa. Tik-bun akaja na gari kuchukua buli. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi.

Sok-kheng alikuwa amesimama mlangoni.

"Liko tayari?"

"Bado."

"Bado vipi? Halinuki tena! Niliambiwa na Tik-hua."

"Tik-hua alisema maneno yote hayo? Harufu imetoka, ndiyo. Chai halijaishika. Litingishe kwenye gari, ulimiminie maji kwa mkono usiolijua, baba yako atakunywa udongo mbele ya ukoo."

"Shemeji, watu wananingoja."

"Walete hapa."

"Picha ya baba iko kwangu! Meza ya mababu iko kwangu!"

"Na buli liko kwangu," akasema Sok-kheng. "Mzee alikunywa chai katika chumba hiki maisha yake yote. Hajui lifti."

Majirani walikuwa wametoka wote, wengine na bakuli mkononi. Mimi nilikuwa mbele. Tik-bun akatazama huku na huku, akatazama gari lake lililoziba mdomo wa uchochoro, na mwenye mkokoteni wa tofu nyuma yake anayemtukana. Nilidhani ataingia alichukue kwa nguvu. Nadhani hata yeye alidhani hivyo, alipiga hatua moja. Sok-kheng hakusogea. Mikono yake ilikuwa nyuma, na mimi niliyekuwa ubavuni niliona jinsi vidole vinavyokunja na kukunjua mkanda wa aproni, vidole vile vilivyokuwa vikipitisha uzi kwenye tundu la sindano gizani.

Tik-bun akarudi kwenye gari akaondoka kwa kurudi nyuma.

"Ameenda," nikasema.

"Najua ameenda, nina macho," akasema Sok-kheng, akaingia ndani akakaa jikoni. Alikaa na aproni usoni.

Jua lilikuwa limeshasogea upande wa pili wa uchochoro walipokuja. Walikuja kwa miguu kutoka darajani, kwa sababu magari hayangeingia yote: wazee wa ukoo, wake zao, watoto, mke wa Tik-bun na sufuria ya bata bukini. Mbele yao Tik-bun, amekumbatia picha ya baba yake kifuani, kioo kikimulika jua. Akaingia, akaisimamisha picha juu ya kabati la zamani, akatoa udi mfukoni akauwasha.

Kisha watu wakasubiri. Kiti cha kumimina kilikuwa tupu. Tik-bun alikuwa karibu nacho kuliko wote, mkono wake uko juu ya egemeo. Sok-kheng akatoka jikoni na birika linalochemka, akasimama, maana hakuna mtu anayeweza kushika birika la moto na kubishana.

Ni Tik-hua aliyezungumza. Wengine katika ukoo walikuwa hawajawahi kusikia sauti yake. Alivuta kile kigoda kidogo cha wageni, akakiweka mbele ya kaka yake. "Kaa, kaka," akasema. "Maji yanapoa."

Tik-bun akakitazama kigoda. Akakaa. Magoti yake yalimfika karibu na kidevu.

Sok-kheng akakaa kwenye kiti kinachotazama mlango. Akamwagia buli maji ya moto juu, likafuka mvuke, likakauka palepale. Akatia chai, akasuuza vikombe kwa mmiminiko wa kwanza, akamimina wa pili kwa kuzungusha, mpaka tone la mwisho. Vikombe vitatu vya kwanza vikaenda kwa Mzee. Kisha wazee wa ukoo kwa umri. Tik-bun alipata cha zamu yake, akakipokea kwa mikono miwili kama mgeni, akanywa, akakigeuza kikombe akakinusa kilivyo tupu. Sote tulikuwa tunamtazama.

"Kuna udongo kidogo," akasema.

"Nilikuambia," akasema Sok-kheng.

Jioni alichukua picha akaondoka nayo, buli akaliacha.

Mambo hayo ni ya zamani kidogo sasa. Nywele za Sok-kheng zimekuwa nyeupe, za kwangu sitaki kuzizungumzia. Kila mwaka siku ile ikikaribia Tik-bun huja na machungwa kuuliza kama buli liko tayari, na kila mwaka anaambiwa bado, na ukoo unavuka daraja na bata bukini wao. Halafu akaanza kuja hata siku zisizo na sababu. Duka amewaachia wanawe. Anakaa kwenye kigoda, anakunywa, anasema habari za bei ya kauri, Tik-hua anasema mm, Sok-kheng anamimina. Hawajawahi kuombana radhi, na sijasikia mtu akilitaja neno la msibani.

Mimi nakunywa pale karibu kila siku. Nimelishika buli lile likiwa la moto na likiwa baridi. Rangi yake ni ya chestinati iliyochomwa, na juzi Sok-kheng alilitia maji matupu kwa bahati mbaya, anazungumza nami huku akili iko kwa binti yake, nikanywa kikombe kizima nikidhani ni chai.

Wiki iliyopita ilikuwa mvua. Tik-bun alinikuta kizingitini kwangu, amejikunyata chini ya mwavuli, mfuko wa machungwa unachuruzika maji. Akasimama mbele yangu badala ya kuingia moja kwa moja.

"Mama Peng," akasema, "wewe ni mtu mzima, sema kweli. Lile buli, kweli bado?"

Ng'ambo, mlango ulikuwa wazi na Sok-kheng anapepea makaa kwa unyoya wa bata bukini. Alikuwa anasikia. Hakugeuka.

"Mimi nitajuaje mabuli ya watu?" nikamwambia. "Ingia, unalowa."